Jina la Uyoga Mdogo wa Magamba

Msomaji mpenzi, huenda ukadhani kuwa kukipa kitu jina ni kazi nyepesi. Basi zisikilize habari za uyoga mmoja mdogo wa Ulaya, ambao jina lake liliwashughulisha wataalamu kwa muda mrefu.

Uyoga huu huota majanini na kando ya njia za msituni. Kofia yake ni nyeupe, upana wake ni kama sentimita 2 hadi 5, nayo imetapakaa magamba madogo ya hudhurungi. Ukiuvunja, hutoa harufu mbaya.

Aliyeueleza kwanza ni James Bolton wa Halifax, Uingereza, mwana wa mfumaji nguo, aliyejifundisha mwenyewe kuchora. Mwaka 1788 aliuita Agaricus cristatus, yaani uyoga wenye kishungi. Siku zile karibu kila uyoga uliokuwa na vipande vyembamba chini ya kofia, mfano wa kurasa za kitabu, ulitiwa katika jamii hiyo moja ya Agaricus, kama vitu vilivyorundikwa ghalani bila mpango.

Mwaka 1821 Elias Fries wa Sweden alianza kulipanga ghala hilo. Alitazama rangi ya mbegu za uyoga, ambazo ni laini kama vumbi. Ukiilaza kofia ya uyoga juu ya karatasi usiku kucha, asubuhi utaliona vumbi hilo: huwa jeupe, la waridi, la kahawia au jeusi. Uyoga wetu, wenye mbegu nyeupe na magamba, uliangukia fungu la Lepiota, jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya gamba. Mwaka 1871 Mjerumani Paul Kummer akauhamishia uyoga huo katika jamii ya Lepiota. Ndipo uyoga wa Bolton ulipoitwa Lepiota cristata, jina ulilo nalo hata leo.

Utauliza, taabu yote hii ni ya nini? Katika jamii hiyo hiyo umo uyoga mwingine, Lepiota brunneoincarnata, nao pia ni mdogo na una magamba. Huo una sumu iitwayo amatoksini, ambayo huliharibu ini, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji aweza kukaa saa 6 au zaidi asisikie lolote. Maumivu yanapoanza, sumu imekwisha kuenea mwilini. Daktari akilijua jina la uyoga ulioliwa, anajua ni adui gani wa kupigana naye. Hivyo jina sahihi laweza kuokoa maisha ya mtu.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Nawe ukikuta uyoga usioujua, utazame vyema, uuchore ukipenda, lakini usiule.