Upole wa mvua iliyopita si hakikisho kwa wakazi wa Busia na Malaba

MVUA za msimu zinapopita kwa upole, bila mto kuvunja kingo wala lori kukwama matopeni, mazungumzo katika masoko ya Busia na Malaba hugeukia msimu unaofuata. Wapo wasemao kwamba mbingu zimesahau ukali wake. Wengine hushikilia kuwa mvua iliyopungua ni deni, na deni halina budi kulipwa.

Kumbukumbu za hali ya anga nchini Kenya haziungi mkono upande wowote. Ni kweli kwamba mwaka 1961 ulianza kwa ukame mkali, watu wakagawiwa mahindi ya msaada kutoka Marekani, kisha vuli ya mwaka huo huo ikaleta mafuriko yaliyokata barabara hata chakula kikadondoshwa kwa ndege. Ukame wa 1996 na mapema 1997 nao ulifuatwa na mvua za El Nino. Lakini baada ya El Nino hiyo haukuja msimu wa wastani. Ulikuja ukame wa 1999 na 2000, mabwawa yakakauka na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Anayetafuta deni na malipo katika miaka hiyo atayapata, ila pia atapata mifano ya kumkanusha.

Hata wataalamu hupata shida. Mwaka 2015 El Nino kubwa ilitabiriwa na serikali ikajiandaa kwa fedha nyingi, lakini madhara yake nchini yalikuwa madogo kuliko ilivyohofiwa. Mwaka 2019 hakukuwa na El Nino ya kutajika, na bado mvua zilifurika hadi mwisho wa mwaka. Mnamo Oktoba 2023 wananchi waliambiwa kwamba El Nino iliyotarajiwa haitakuja kwa kiwango kilichohofiwa. Kufikia Desemba, watu zaidi ya 100 walikuwa wamefariki kutokana na mafuriko.

Sababu ni kwamba vuli ya Afrika Mashariki haitegemei Bahari ya Pasifiki peke yake. Bahari ya Hindi ina kauli pia: maji ya upande wa pwani yetu yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mvua huongezeka, na ndivyo ilivyokuwa 2019. Masika ni magumu zaidi kuyatabiri. Kwa upande wa magharibi mwa Kenya kuna jambo la ziada, kwani eneo hilo hupata unyevu wa Ziwa Viktoria na hewa itokayo misitu ya Kongo. Ndiyo maana Busia inaweza kulowa wakati Machakos na Kitui zinalia njaa.

Aidha, mkazi wa mpakani hupotoka anapolitazama anga lililo juu ya paa lake tu. Mto Malaba huanzia Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, ukawa mpaka wa nchi mbili kisha ukaingia Uganda kuelekea mfumo wa Ziwa Kyoga. Mto Sio, ulio kusini yake, humwaga maji Ziwa Viktoria. Matone mawili yaliyoanguka kilomita chache kutoka kwa jingine huachana kwa safari ndefu kabla ya kukutana tena katika Mto Nile.

Hatari kubwa zaidi katika kaunti hiyo iko Bunyala, mwisho wa Mto Nzoia. Mto huo hukusanya maji ya milima ya Cherangani na Elgon, ukapita Webuye na Mumias, na kufika Budalang'i ukiwa umebeba mvua ambayo wenyeji hawakuiona. Matuta ya kuzuia maji yamejengwa na kukarabatiwa mara kadhaa, na yamepasuka mara kadhaa. Familia zimehamia shule na nyanda za juu, zikarudi, zikahama tena.

Hapo ndipo upole wa msimu mmoja unapodanganya zaidi, kwa sababu ziwa lina kumbukumbu kuliko anga. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na halikushuka upesi. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya 1964. Ziwa likiwa juu, Nzoia hukosa mahali pa kumwaga maji yake, na mvua ya kawaida tu inaweza kuzamisha mashamba.

Kwa wafanyabiashara wa nafaka hofu ni nyingine. Sehemu kubwa ya mahindi na maharagwe yanayouzwa Busia hutoka Uganda, na kiwango cha unyevu kinachokubaliwa katika mahindi ni asilimia 13.5. Jua likikosekana wakati wa mavuno, nafaka iliyoanikwa juu ya maturubai huota ukungu, na ukungu huzaa sumu ya aflatoksini. Ni sumu hiyo iliyotajwa Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kabla ya kulegeza amri siku chache baadaye. Msimu wenye jua la kutosha ni neema kwa mwenye maturubai, ijapokuwa mwenye shamba anaweza kuutazama kwa jicho jingine.

Utabiri wa kila msimu hutolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, pamoja na kituo cha IGAD kilichoko viungani mwa Nairobi. Katika kaunti ya Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi, ambao kwa vizazi wamesoma dalili za mvua katika miti, wadudu na ndege, wamefanya kazi pamoja na wataalamu wa idara hiyo, na makubaliano yao yakatangazwa redioni kwa lugha ya wenyeji.

Kwa Budalang'i, hata hivyo, utabiri wa miezi mitatu hauna uzito wa kipimo cha mto kilichoko Rwambwa. Maji yaliyonyesha Cherangani huchukua muda kufika hapo, na muda huo ndio wa kuokoa ng'ombe, magodoro na mbegu.