Vitanda vya Manamba

Katika RimWorld, mchezo wa kompyuta wa kujenga makazi, bweni ndiyo njia rahisi ya kulaza watu: chumba kimoja, vitanda vingi. Lakini kila mlalaji ana moyo wake. Akikatizwa usingizi, hununa. Manung'uniko yakizidi, hurukwa na akili na kazi husimama. Kwa hiyo mimi huwahi kumjengea kila mtu chumba chake.

Nikiucheza hapa Matembwe, nawafikiria manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kutafuta vibarua. Wabena wengi waliondoka wilaya ya Njombe kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kila mmoja alipewa namba, na jina la manamba likatokana na hiyo. Walilala kambini, wakibanana vyumbani na watu waliokutana nao safarini.

Bwana shamba naye alikuwa na hesabu zake, kama mimi kwenye kioo changu. Tofauti ni alichokihesabu. Kipande cha kibarua kilikuwa na siku 30 za kutiwa alama za kazi; usiku wake haukuwa na alama hata moja.