Mgeni Aliyeisifu Kilwa Alitupita Mlangoni

Mwaka 1325 kijana mmoja wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, nchini Morocco, akashika njia peke yake, bila mwenzi wala msafara. Jina lake Ibn Battuta. Nia yake ilikuwa kuhiji Makka, lakini safari ilimnogea, akarejea nchini kwao baada ya miaka 24.

Mwaka 1331 alifika pwani yetu. Kutoka Aden alipitia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akashuka hadi Kilwa. Huko alimkuta Sultani Al-Hassan bin Suleiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Kilwa aliihesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Wala hakuficha kwamba katika zawadi za sultani huyo walikuwamo watumwa.

Sasa hebu tutazame ramani. Chombo kitokacho Mombasa kwenda Kilwa hupita mbele ya Tanga na Pangani. Mgeni yule alitupita mlangoni, na katika kitabu chake hatumo hata kwa neno moja. Simlaumu. Abiria hachagui bandari. Nahodha na upepo ndio waamuao.

Lakini ukarasa ule mtupu umetugharimu. Mtu anayeitafuta historia ya Kilwa anaanza na shahidi aliyekula na kulala pale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kalamu ya mgeni peke yake haikuleta heshima hiyo, maana magofu yenyewe yanajieleza, lakini ilisaidia jina kutosahaulika. Sisi tunaye nani?

Tunayo Tongoni, kilometa zisizofika 20 kusini ya Tanga mjini, kwenye barabara ya Pangani. Wazee waliita mahali hapo Mtangata. Pana gofu la msikiti uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo. Kila niendapo husimama kutazama vishimo katika nguzo hizo, vilivyotengenezwa ili vipachikwe vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Vyombo havipo tena, na nguzo nyingi zimekwisha kuanguka.

Wageni wengine walikwama papo hapo. Aprili 1498, jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilipanda mwamba karibu na Mtangata. Wakati Wareno wanangoja maji yajae, wenyeji waliwaendea kwa vyombo vyao, kimoja kimejaa machungwa. Mwandishi wa safari ile alikiri kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Wakazi wa Muheza msicheke! Januari 1499, wakirudi kutoka India, walilichoma jahazi lile lile papo hapo, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa na waliobaki hawakutosha kuliendesha. Safari hiyo watu wa Mtangata waliwapelekea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Machungwa, kuku, mashati na bangili: karibu hayo tu ndiyo mgeni aliyotuandikia. Nani alikuwa mkuu wa mji? Waliozikwa chini ya nguzo zile ni akina nani? Mgeni hakuuliza, kwa sababu halikuwa tumbo lake lililouma.

Hata sifa za Kilwa zina pengo. Ibn Battuta aliusimulia mji ule kama mji wa mbao, ilhali Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, la sultani yule yule, ni majengo ya mawe, na kuta zake zipo hadi leo. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya kuondoka Kilwa, naye alikisimulia kwa kumbukumbu huku mwingine akiandika. Ikiwa mgeni aliyetupenda alisahau mawe, yule aliyetupita baharini atatukumbukia nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chumvi na upepo wa bahari vinazila nguzo za Tongoni kila mwaka, na wazee wanaojua majina ya mitaa ya kale, visima na makaburi wanatutoka mmoja mmoja. Walimu wa Tanga na Pangani, wapelekeni wanafunzi Tongoni, kila mmoja na daftari lake. Wapime kuta, wachore nguzo, wakae na wazee wawaulize, kisha nakala ziwekwe maktaba ya mkoa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji nauli ya daladala, kalamu, na mzee ambaye bado yu hai.