Mji wa Lubumbashi na Kiswahili Chake

Sisi walimu wa Kiswahili, tutajapo miji ya lugha hii, huelekeza macho pwani: Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa. Si ajabu, kwani huko ndiko lugha ilikokulia. Lakini uko mji mmoja, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, ambao haukujengwa na mabaharia bali na wachimba madini. Na hata hivyo wakazi wake hununua, hugombana, husali na kuzikana kwa Kiswahili. Mji huo ni Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi tabia ya mji huo na lugha yake zilivyozaliwa pamoja.

Shaba ya Katanga ilijulikana zamani, kabla ya kuja Wazungu. Mafundi wa huko waliisubu kwa umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Biashara ya shaba na pembe ndiyo iliyomvuta Msiri kutoka Unyamwezi, akasimamisha dola ya Wayeke yenye makao yake Bunkeya. Misafara iliyokwenda na kurudi kati ya Bunkeya na mashariki ilibeba bidhaa, watumwa, na maneno. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Basi Kiswahili kilikwisha kusikika katika nchi hiyo kabla mji wenyewe haujakuwapo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika mahali hapo, na mji ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Elisabethville. Mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Reli ile haikuleta mashine tu. Ilileta pia vibarua wa kusini, Kiingereza, na lugha ya mchanganyiko iliyosemwa migodini Afrika Kusini. Wabelgiji wakaingiwa na hofu kwamba utajiri wao ungemezwa na Waingereza. Hofu hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kukikuza Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Hakikupendelewa kwa uzuri wake. Kilipendelewa kwa kuwa kilifaa kutolea amri.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 kampuni iliwaruhusu na kuwahimiza wafanyakazi kuishi kambini na wake zao. Walitoka Kasai, Ruanda-Urundi na sehemu nyingi za Katanga. Watoto wao walikuwa na lugha ya mama na lugha ya baba, lakini walicheza kwa Kiswahili. Mji wa Wazungu ulitenganishwa na mitaa ya Waafrika, kama Kamalondo, kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia malaria. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa kampuni. Makumi wakafa, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Lugha iliyoletwa kutolea amri ilikwisha kuwa lugha ya kuzikatalia.

Kiswahili cha mji huu humshangaza mgeni. Watu ni *batu*, kuja ni *kuya*, mtoto mdogo ni *katoto* na watoto wadogo ni *tutoto*. Walikuja zamani? *Balikuyaka*. Mwalimu mwenye haraka atatia wino mwekundu. Mwalimu mwenye subira atatambua kwamba viambishi *ba-*, *ka-* na *tu-* ni vya lugha za Kibantu za huko, kama Kiluba na Kibemba. Kila kiambishi kinaonyesha wenye mji walikotoka.

Isitoshe, lugha hiyo imehifadhi historia. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mjini, kwa tahajia isiyofuata kamusi yoyote. Humo ukoloni unasimuliwa na mtu aliyeutazama akiwa jikoni. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100, akimweleza mtaalamu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili hichohicho.

Mji ulirudishiwa jina la mto wake, Lubumbashi, mwaka 1966. Tangu 1971 hadi 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba, neno la Kiswahili sanifu lililowekwa kwenye ramani. Shirika kubwa la madini lilipoanguka katika miaka ya 1990, maelfu walikosa mishahara. Lakini lugha iliyozaliwa kambini haikwenda na mishahara hiyo.

Walimu wenzangu, Kiswahili sanifu hatuna budi kukifundisha, maana ndicho kinachotuunganisha tulio katika nchi nyingi. Lakini mwanafunzi asemapo *batu*, tumwonyeshe *watu* pasipo kumwambia kwamba wazazi wake hawajui kusema. Wazazi hao walijenga mji, na neno hilo ni sehemu ya walichokijenga.