Trimarani Ndogo na Uvukaji wa Bahari Kuu, 1960–1989

Trimarani ni chombo cha tanga chenye miili mitatu iliyopangwa sambamba: mwili mkuu wa katikati, ambamo mabaharia hulala, hupika na kuweka akiba, na vielea viwili vyembamba vya pembeni vinavyoshikiliwa na boriti zilizokingama juu ya maji. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki umbo hilo si geni, kwa kuwa ngalawa, yenye mtumbwi mmoja na marengu yake mawili, imejengwa kwa kanuni ileile, nayo ina undugu na vyombo vya Indonesia na Ufilipino, makao ya kale ya watu wa lugha za Kiaustronesia, ambao baadhi yao walifika Komoro na Madagaska katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Ushahidi wa kufika kwao umo katika Kimalagasi, ambacho lugha iliyo karibu nacho zaidi huzungumzwa kusini mwa Borneo, na katika punje za mpunga na choroko zilizofukuliwa kwenye makazi ya kale ya Komoro. Mwaka 1985 chombo cha marengu mawili kilichoitwa Sarimanok, kilichojengwa Ufilipino kwa kufuata ufundi wa kale, kiliondoka Bali na kuvuka Bahari ya Hindi hadi upande wa Madagaska, kikaonyesha kwamba safari ya namna hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wa wajenzi wa zamani. Kwa hiyo Wamarekani na Wazungu walioanza kujenga trimarani katikati ya karne ya 20, akiwemo Victor Tchetchet, mhamiaji kutoka Ukraine anayetajwa kuwa ndiye aliyekipa chombo hicho jina lake la kisasa, walikuwa warithi wa fikra kongwe kuliko walivyotambua wengi wao.

Tofauti kati ya trimarani na mashua ya kawaida ya baharini inatokana na namna kila moja inavyojizuia isipinduke. Mashua ya mwili mmoja hutegemea farumi, yaani uzito unaowekwa chini kabisa ya chombo; katika majahazi farumi ilikuwa mawe au mchanga, na katika mashua za matembezi za Ulaya ni chuma au risasi iliyofungwa kwenye mkuku, nayo huweza kufikia theluthi ya uzito wote wa chombo au zaidi. Trimarani haina farumi. Hutegemea upana wake, kwani upepo unapoiegemeza, kielea cha upande uliolala huzama kidogo na maji yakakisukuma juu kwa nguvu inayokua kadiri kinavyozidi kuzama. Kwa kuwa haibebi uzito huo, na kwa kuwa miili yake ni myembamba na haiinui mawimbi makubwa inapopasua maji, huenda kwa kasi ambayo mashua ya urefu uleule haiwezi kuifikia. Hata hivyo wepesi huo una gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba kila gunia la ziada linalopakiwa hushusha vielea, hupunguza kasi na kuzitesa boriti. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba chombo chenye farumi kikilazwa na wimbi kwa kawaida huinuka tena, ilhali trimarani ikishapinduka hukaa vilevile, imara kichwa chini kama ilivyokuwa imara kichwa juu.

Aliyeitoa trimarani katika majaribio ya ghuba na kuipeleka bahari kuu mbele ya macho ya umma alikuwa Arthur Piver, Mmarekani wa California aliyekuwa na biashara ya uchapishaji na ambaye hakusomea ujenzi wa meli. Piver alichora vyombo ambavyo fundi wa nyumbani angeweza kuvijenga kwa plaiwudi, akiifunika kwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa gundi, na mwaka 1960 yeye na wenzake wawili waliivuka Atlantiki kutoka Massachusetts hadi Uingereza kwa trimarani yake ya futi 30 iliyoitwa Nimble, wakipitia visiwa vya Azores. Michoro yake ilinunuliwa na watu wengi ambao fedha zao zisingetosha kununua mashua ya kiwandani, na hapo ndipo sifa yake ya kweli ilipo, kwa sababu aliwafungulia bahari watu wa kipato cha kawaida. Lakini urahisi huohuo uliruhusu kazi mbovu: boriti zilifungwa bila uangalifu, plaiwudi isiyofaa maji ilitumika, na familia zilizotaka kuhamia baharini zilijaza ndani ya chombo kila walichokuwa nacho nyumbani. Piver mwenyewe alipotea mwezi Machi 1968, akiwa peke yake kwenye trimarani ya futi 25 karibu na pwani ya California, katika safari iliyokusudiwa kumpa sifa za kushiriki mashindano ya kuvuka Atlantiki, na hakupatikana tena.

Miezi michache baadaye michoro yake ilipelekwa kwenye jaribio ambalo haikukusudiwa. Gazeti la Sunday Times la London lilitangaza mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila kutia nanga bandarini, na wawili kati ya washindani tisa walichagua trimarani za aina ya Victress, chombo cha Piver cha futi 40 kilichobuniwa kwa safari za familia. Nigel Tetley, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, alikwenda na trimarani ambayo yeye na mkewe walikuwa wakiishi ndani yake. Donald Crowhurst, mhandisi wa vifaa vya elektroniki, alijengewa ya kwake kwa haraka na kung'oa nanga tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa. Kuhusu hatari ya kupinduka, Crowhurst alikuwa amefikiri kwa kina kuliko wengi wa wakati wake: kileleni mwa mlingoti alifunga mfuko wa mpira uliotakiwa kujaa hewa mara chombo kinapolala kupita kiasi, ukizuia mlingoti usizame, na kazi ya kuufungulia hewa ingeachiwa mtambo wa umeme. Alipoondoka, nyaya za mtambo huo zilikuwa hazijaunganishwa.

Vielea vya Crowhurst vilianza kuvuja mapema, naye akatambua kwamba hataweza kuzikabili bahari za kusini, lakini badala ya kurudi alizunguka katika Atlantiki huku akituma kwa redio taarifa za uongo kwamba anaendelea, na hata akatia nanga kwa siri Argentina ili kukitengeneza kielea kilichoharibika. Taarifa hizo zilimfikia Tetley, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuikata njia aliyopitia akienda, na hivyo kukamilisha mzunguko wa dunia kwa trimarani iliyochoka. Akiamini kwamba mpinzani wake yu karibu kumpita, aliongeza tanga. Mwezi Mei 1969, akiwa amebakiza maili zipatazo 1,100, omo ya kielea kimoja ilivunjika na kuutoboa mwili mkuu. Trimarani ikazama, na Tetley akaokolewa kutoka kwenye chelezo chake cha uokoaji. Tarehe 10 Julai trimarani ya Crowhurst ilikutwa ikielea bila mtu, ikiwa na daftari zilizofichua udanganyifu wote. Aliyemaliza alikuwa Robin Knox-Johnston, kwa mashua nzito ya mti wa msaji iliyojengwa Bombay, na kwa miaka kadhaa mabaharia wengi walihitimisha kwamba trimarani haifai bahari kuu. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu kilichovunjika kilikuwa plaiwudi iliyoharakishwa na kulemewa, si kanuni yenyewe.

Utetezi wa kanuni hiyo ulitoka kwa wajenzi waliokataa kuufanya wepesi kuwa jambo la hiari. Mmarekani Dick Newick alichora trimarani zenye boriti zilizopinda kwa ulaini na vyumba finyu visivyokaribisha mizigo, na moja kati ya hizo, yenye futi 31, Mike Birch wa Kanada aliisafirisha peke yake kuvuka Atlantiki mwaka 1976, katika mashindano ambamo Alain Colas alikuwa na meli ya milingoti minne yenye futi 236. Colas alipoongezewa saa za adhabu, chombo hicho kidogo kilipanda hadi nafasi ya pili. Mwaka 1978, katika Route du Rhum ya kwanza, kutoka Saint-Malo hadi Guadeloupe, Birch huyohuyo aliipita mashua ndefu ya Michel Malinovsky karibu na mstari wa mwisho, akashinda kwa sekunde 98 baada ya siku 23 za bahari. Katika mashindano hayohayo Colas alipotea na trimarani yake kubwa, Manureva.

Tatizo la kupinduka halikuondolewa na ushindi huo, ila namna ya kulikabili ilibadilika. Phil Weld, Mmarekani ambaye trimarani yake Gulf Streamer ilipinduliwa na wimbi mwaka 1976, aliishi na mwenzake kwa siku kadhaa ndani ya chombo kilichogeuka hadi meli ilipowaokoa, na miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 65, alishinda mashindano ya Atlantiki kwa trimarani nyingine chini ya siku 18. Ushahidi mkubwa zaidi kwamba chombo kilichopinduka kinaweza kuwahifadhi watu wake ulitoka Pasifiki. Mwezi Juni 1989 trimarani Rose-Noëlle, iliyokuwa ikitoka New Zealand kwenda Tonga na watu wanne, ilipinduka siku chache baada ya kuondoka. Kifaa chao cha kuomba msaada kililia mpaka betri ikaisha bila kusikiwa. Walitoboa tundu katika sakafu, ambayo sasa ilikuwa paa, wakakinga maji ya mvua na kuvua samaki, wakilala wamebanana mahali pasipozidi kitanda cha watu wawili, hadi siku ya 119 mkondo ulipowatupa kwenye kisiwa cha Great Barrier, ndani ya New Zealand ileile. Hali yao nzuri ya afya iliwafanya wengi washuku kwamba hawakusema kweli. Leo, trimarani zinazoshiriki mashindano ya bahari kuu hutakiwa kuwa na mlango wa kutokea unaofunguka chombo kikiwa kimepinduka, yaani lile tundu ambalo mabaharia wa Rose-Noëlle walilazimika kulikata wenyewe.