Kugawa faili la PDF ndani ya kivinjari

Kugawa faili la PDF ndani ya kivinjari ni kutoa baadhi ya kurasa za hati na kuzifanya mafaili yanayojitegemea, kazi yote ikifanyika kwenye kifaa cha mtumiaji bila hati kutumwa popote. Tovuti nyingi za kugawa PDF hufanya kinyume: hutaka faili lipakiwe kwanza kwenye seva yao, na likishafika huko mwenyewe hawezi kuhakikisha kwamba limefutwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, lakini kumdai mwenye seva asiyejulikana aliko ni kazi nzito.

Haja hii hujitokeza sana kwenye maombi ya kazi na ya vyuo. Mwombaji hupeleka vyeti steshenari, vikaskaniwa kwa mkupuo na kurudi vikiwa faili moja: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, stashahada, kitambulisho cha taifa. Mfumo wa maombi nao hutaka kila kimoja mahali pake. Kurasa hizo chache zina majina ya wazazi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na picha, yaani karibu yote anayoyatafuta tapeli anayetaka kukopa kwa jina la mwingine.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. Ndani yake mna vitu vyenye namba (maandishi, fonti, picha), na karibu na mwisho wa faili kuna jedwali linaloonyesha kila kitu kinaanzia baiti ya ngapi. Programu ya kugawa huanza kusoma huko mwishoni, ikaufikia ukurasa uliochaguliwa, ikanakili kila kitu ambacho ukurasa huo unakitegemea, ikavipa namba mpya na kuandika jedwali jipya. Kwa hiyo maandishi hayapigwi upya, wala picha hazipungui ubora.

Vivinjari vya leo vinaiweza kazi hiyo. PDF.js ya Mozilla, iliyoanza mwaka 2011, ilionyesha kwamba JavaScript peke yake inatosha kusoma PDF. Baadaye WebAssembly, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2019, iliwezesha programu zilizoandikwa kwa C++ kuendeshwa ndani ya ukurasa wa wavuti. Kikwazo ni kumbukumbu: kitabu kizima kilichoskaniwa huweza kuilemea simu ndogo.

Dai la tovuti kwamba faili haliondoki kwenye kifaa lipimwe. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, usubiri umalize kupakia, zima data na Wi-Fi, ndipo uchague faili. Likigawanyika, kazi imefanyika kwako. Funga dirisha kabla ya kuwasha data, kwa sababu ukurasa ulioachwa wazi unaweza kutuma kitu mtandao ukirudi. Kwenye kompyuta ya kukodi kipimo hiki hakitoshi: mafaili mapya hubaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa mpaka yafutwe, na pipa la taka limwagwe.

Kuna hatari nyingine isiyohusu mtandao kabisa, nayo hutajwa mara chache mno. Baadhi ya PDF huorodhesha picha za hati nzima mahali pamoja, na kila ukurasa ukairejelea orodha hiyo. Kigawaji kisicho makini hunakili orodha yote. Aliyetumiwa cheti kimoja huona ukurasa mmoja, kumbe picha za kitambulisho na vyeti vingine zimo ndani, na programu ya kuchopoa picha itazitoa. Dalili yake ni ukubwa: faili la MB 12 lenye kurasa sita likitoa ukurasa mmoja wenye karibu MB 12 zilezile, usilitume. Fungua hati ya awali, chagua kuchapisha, andika namba ya ukurasa na uhifadhi kama PDF. Viungo huweza kupotea, lakini ukurasa hutengenezwa upya bila mzigo huo.

Saini ya kidijitali haivuki mgawanyo, kwa sababu hufungamana na baiti za faili zima. Hati iliyosainiwa hivyo hupelekwa nzima, au mtoaji huombwa asaini upya kurasa zinazotakiwa.