Mafuriko yanavyofupisha maisha ya barabara

MAFURIKO yanapopungua na lami kuonekana tena, wasafiri wengi hudhani kwamba barabara imenusurika. Hata hivyo, uharibifu mkubwa hutokea chini ya lami, na mara nyingi hujitokeza wiki au miezi kadhaa baada ya maji kuondoka.

Barabara ya lami ni matabaka kadhaa yaliyopangwa moja juu ya jingine. Chini kabisa kuna udongo wa mahali hapo ulioshindiliwa, kisha changarawe, kisha kokoto, na hatimaye lami yenyewe, ambayo aghalabu ina unene wa sentimita chache tu. Kazi kubwa ya lami hiyo nyembamba ni kuzuia maji yasipenye na kuyapa magurudumu uso laini. Uzito wa gari hubebwa na matabaka ya chini. Punje za udongo mkavu hushikana na kusuguana. Zikijaa maji, msuguano hupungua na udongo uliokuwa mgumu kama sakafu huanza kubonyea.

Lori likipita wakati huo, maji yaliyonaswa chini ya lami hukandamizwa na kufoka kupitia nyufa, yakibeba udongo laini. Madereva wameyaona matope hayo yakitapakaa kandokando ya nyufa, ingawa si wengi wanaotambua maana yake. Panapotoka udongo hubaki uwazi, lami hukosa cha kuegemea, kisha huvunjika na kuwa shimo. Maji pia hupenya kati ya lami na kokoto na kuzitenganisha.

Jaribio maarufu lililofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba ekseli yenye uzito maradufu huweza kuiharibu barabara mara 16 hivi zaidi. Ndiyo maana suala la mizani haliwezi kutenganishwa na suala la mvua. Lori lililopitisha uzito huumiza barabara hata wakati wa kiangazi. Juu ya udongo ulioloa, madhara hayo huongezeka.

Ushahidi mwingine ulipatikana New Orleans, ambako Kimbunga Katrina kiliacha barabara nyingi chini ya maji kwa wiki kadhaa mwaka wa 2005. Wahandisi walipopima uwezo wa barabara hizo, walikuta kwamba zile za lami zilikuwa zimepoteza nguvu sawa na kuondolewa takriban sentimita 5 za lami. Zile za zege zilidhoofika kidogo sana.

Nchini Kenya, tatizo huwa kubwa zaidi panapopatikana udongo mweusi unaonata, kama vile Athi River, Kitengela na tambarare za Mwea. Udongo huo hufura ukinyonya maji na kupasuka ukikauka. Barabara iliyojengwa juu yake bila udongo huo kuondolewa au kuchanganywa na chokaa hupanda na kushuka kila msimu hadi ikawa na mawimbi.

Maji yanayotiririka kwa kasi hufanya kazi nyingine, nayo huonekana mara moja. Humega kingo, huchimba nguzo za madaraja na kuzoa udongo unaozunguka kalvati. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilibomoa madaraja na kukata barabara katika sehemu nyingi za nchi, ikiwemo barabara kuu ya Mombasa-Nairobi. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulifurika na kukata barabara ya Garissa karibu na Madogo. Wasafiri walilazimika kuvuka kwa mashua, na mwishoni mwa Aprili 2024 mashua moja ilipinduka na kusababisha vifo. Barabara ya Lamu-Garsen nayo ilifunikwa na maji eneo la Gamba.

Katika visa kama hivi, tuta la barabara huwa kama ukuta unaozuia mto uliotawanyika uwandani. Kalvati zikiwa chache au nyembamba, maji hupanda upande mmoja, huvuka juu ya lami na kuangukia upande wa pili, ambako huchimba tuta kuanzia chini.

Swali gumu hubaki kwa wanaofungua barabara baada ya mafuriko. Kuyazuia malori mazito kwa siku kadhaa hadi matabaka ya chini yatoe maji kungeokoa lami, lakini mji kama Garissa hupokea chakula na mafuta kwa njia hiyo hiyo, na bei hupanda kila siku njia inapofungwa. Njia ya kati ni kuruhusu magari mepesi kwanza, kisha malori yenye mzigo uliopunguzwa. Hata hilo ni gumu kutekelezwa mahali ambapo foleni ya malori imesubiri kwa wiki nzima.

Kinga ya bei nafuu zaidi hufanyika kabla ya mawingu kutanda: kuzibua mitaro na kalvati, kuziba nyufa zingali ndogo, na kukata nyasi kandoni ili maji yasituame. Tangu Julai 2024, wenye magari hulipa ushuru wa Sh25 kwa kila lita ya petroli au dizeli kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Mtaro uliozibuliwa Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi, hugharimu sehemu ndogo sana ya fedha zinazohitajika kujenga upya tuta lililozolewa Mei.